Hofu ya Kuambiwa "Huna"

Mgonjwa anayesubiri majibu ya hospitali kwa kawaida huomba aambiwe yuko salama. Mtu mzima anayesubiri kupimwa usonji nchini Uingereza mara nyingi huomba kinyume chake. Ana miaka arobaini au hamsini, ana kazi, pengine na watoto, na kinachomkosesha usingizi wiki ya mwisho ni wazo moja: itakuwaje wakimwambia hana?

Hofu hiyo ina mantiki yake. Tangu utotoni ameitwa mkaidi, mwenye maringo, mvivu, asiyejua kukaa na watu. Amepoteza kazi aliyoimudu vizuri, ameachwa na marafiki bila kujua amekosa nini, na akitoka harusini hulala siku nzima kana kwamba alikuwa shambani na jembe. Kisha anasoma habari za usonji, na kwa mara ya kwanza mambo hayo yote yanapata maelezo. Akiambiwa hana, maelezo hayo yanamponyoka, na lawama za zamani zinabaki bila jibu.

Muda wa kuihangaikia hofu hiyo nao haukosekani. Mwongozo wa afya wa huko unataka upimaji uanze ndani ya wiki 13 tangu mtu aandikiwe rufaa. Mwaka 2025 waliokuwa kwenye foleni England, watoto kwa watu wazima, walizidi 200,000, na walio wengi walikuwa wameshapitisha wiki hizo. Watafiti wameonyesha kwamba wasiwasi wa watu wenye usonji unafungamana sana na ugumu wa kustahimili jambo lisilojulikana. Kwa hiyo foleni yenyewe inamgusa mtu pale pale panapomuuma.

Mwanafalsafa wa Denmark, Søren Kierkegaard, aliandika kitabu kizima kuhusu wasiwasi mwaka 1844. Aliutenga na woga wa kawaida. Woga una kitu chake: nyoka, deni, mwajiri mkali. Wasiwasi hauna cha kunyooshewa kidole, kwa sababu unatokana na yale yanayowezekana kuwa. Anayesubiri kupimwa anazijua hali zote mbili. Jengo, tarehe na jina la daktari anaweza kuuliza mapema akajibiwa, na woga ukapungua. Swali la yeye atakuwa nani baada ya siku hiyo halina ofisi ya kulipigia simu.

Hebu tuingie chumbani. Kipimo kimojawapo kinachotumika sana huitwa ADOS, na huchukua kama dakika 40 hadi 60. Mtu mzima mwenye shahada huketi mezani, akapewa kitabu cha picha kisicho na maneno na kuombwa asimulie hadithi yake. Huenda akaambiwa amwonyeshe mpimaji jinsi ya kupiga mswaki, ilhali hakuna mswaki wala maji. Anaweza pia kupewa vitu vidogo vidogo atunge kisa. Wapo wanaojiona wamerudishwa chekechea. Lakini mpimaji hasahihishi hadithi. Anatazama namna mtu anavyosimulia, anavyotumia mikono na uso, anavyopokezana mazungumzo na mwenzake. Nje ya hapo kuna maswali marefu kuhusu utoto, na ikiwezekana mama, baba au ndugu mkubwa huulizwa pia.

Mwishoni wataalamu wanalinganisha waliyoyaona na masharti yaliyoandikwa na watu. Masharti hayo yana historia. Leo Kanner alieleza watoto 11 huko Marekani mwaka 1943. Mwaka 1994 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliongeza hali iliyopewa jina la Asperger. Mwaka 2013 uliiondoa na kuichanganya na usonji. Kuna watu waliolala na jina moja wakaamka na jingine, wala hakuna kilichobadilika ndani yao. Basi neno "huna" lina maana finyu kuliko inavyosikika: ushahidi uliopatikana haukutimiza masharti ya sasa. Halithibitishi kwamba mtu alikuwa mvivu. Shida iliyompeleka pale bado ni ya kweli, na bado inastahili kutafutiwa maelezo.

Hata hivyo, kudai kwamba jina halina uzito ni kujidanganya. Ian Hacking, mwanafalsafa wa Kanada aliyefariki mwaka 2023, alionyesha kwamba binadamu hawako kama mawe. Jiwe halijali limepangwa kundi gani. Mtu akishapangwa hujiona upya, wengine humtendea upya, na mwishowe kundi lenyewe hubadilika. Mwimbaji wa Scotland, Susan Boyle, aliishi miaka mingi akiamini alichoambiwa utotoni, kwamba ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa. Mwaka 2013, akiwa ameshavuka umri wa miaka hamsini, alieleza hadharani kwamba amekutwa na Asperger, na kwamba taarifa hiyo ilimpa nafuu. Sauti yake ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni habari aliyokuwa akijisimulia juu yake mwenyewe.

Hapo ndipo swali zito linapojitokeza: je, maelezo ni msamaha? Wengi huingia katika chumba kile wakitafuta msamaha, ingawa hawasemi hivyo. Wachukue orodha ya mambo yanayowasuta na kuigawa sehemu mbili. Upande mmoja kuna makosa ya kweli: baba aliyemfokea mtoto kwa sababu kelele zilimzidi. Usonji unaweza kueleza kwa nini kelele zilimzidi, lakini mtoto bado anadai aombwe radhi, na baba anaweza kumwomba leo bila kungoja barua ya daktari. Upande wa pili kuna mambo ambayo hayakuwa kosa kamwe: kutomtazama shangazi machoni, kutoka nje ya sherehe ili apumue, kula chakula kile kile kila siku. Hayo hayahitaji msamaha, awe na usonji au asiwe nao. Ukiigawa orodha hivyo, unakuta chumba cha kupimia kimebebeshwa kazi ya kadhi na ya padri, kazi ambayo hakikuumbiwa.

Anayesubiri majibu huku akimwamini Mungu huambiwa haraka haraka amwachie Yeye. Ushauri mzuri, ila Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, hakukubali uwe kisingizio. Kwake, asiyenyoosha mkono kuchukua chakula akidai anamtegemea Mungu hajafikia kutegemea, ni mwendawazimu. Njia hufuatwa, na matokeo ndiyo yanayokabidhiwa.

Njia zenyewe zipo. Mtu aandike mapema mifano halisi kutoka utotoni, shuleni na kazini, maana mbele ya mgeni kumbukumbu hukimbia. Atafute ripoti za shule kama zimehifadhiwa. Aulize siku ya kupimwa itakwendaje, kuna watu wangapi chumbani, majibu yatatolewa siku hiyo au baadaye. Aombe taa ipunguzwe au apewe mapumziko, na aende na mtu anayemwamini. Asijikaze kuonekana wa kawaida, kwa sababu kujificha huko, ambako wengi wamekuzoea tangu utotoni, huweza kumpotosha mpimaji. Na kabla ya kwenda aamue atakuwa wapi jioni ile na nani, majibu yawe ndiyo au hapana.

Waliobaki nyumbani na kazini nao wana lao la kufanya, na wasisubiri mwisho wa foleni. Huko Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inapoeleza ulemavu haianzi kwa kudai cheti cha daktari. Inaangalia kama athari ni kubwa na kama imedumu, au inatarajiwa kudumu, miezi 12 au zaidi. Mwajiri anayeombwa kumhamisha mtu mbali na kelele, na ndugu anayeombwa atoe taarifa kabla ya kuleta wageni, wote wanaweza kukubali leo.