Kunyamaza Nako ni Kuuza

Kuna lugha ya matangazo ya magari ambayo kila Mkenya mwenye simu anaielewa. "Halijawahi kugongwa." "Mwenyewe ni mama, huliendesha kanisani tu." "Nunua uendeshe." Wahenga walishatuonya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini siku hizi hata kizuri lazima kijitembeze mtandaoni, kwa hivyo methali haitusaidii kutofautisha.

Wanaodanganya waziwazi tunawajua. Anayenisumbua ni yule anayenyamaza. Ukiniuzia kitu kibovu bila kutamka neno hata moja la uongo, umenidhulumu, ama umenizidi ujanja tu?

Swali hili lilifika nyumbani kwetu na magurudumu manne. Dada yangu mkubwa alinunua gari kwa shilingi 680,000 kutoka kwa mtu binafsi, si yadi. Jamaa alimwandikia kwa WhatsApp kwamba halijawahi kupata ajali na limetembea kilomita 78,000. Wiki ya tatu giaboksi ikaanza kugoma. Fundi alipofungua boneti akakuta kadi ya zamani ya kubadilisha oili imejificha huko nyuma: kilomita 141,000. Kisha akatuonyesha mahali chuma kilipounganishwa na kupakwa rangi upya. Dada akampigia jamaa. Akajibiwa kwa upole kabisa: "Si ulikuja ukalikagua mwenyewe, madam?" Halafu akafungiwa namba.

Kisheria, dada hakuwa mikono mitupu. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, haibanwi na kanuni kali za ushahidi, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Gari linalouzwa kwa maelezo fulani linapaswa kulingana na maelezo hayo, hata kama muuzaji si mfanyabiashara. Tena Kanuni ya Adhabu inahesabu uongo wa maneno, wa maandishi na hata wa mwenendo. Kurudisha maileji nyuma ni uongo wa mkono. Kujipatia pesa kwa njia hiyo kunaweza kukupeleka ndani hadi miaka 3.

Lakini tazama shimo lililopo. Tuseme jamaa hangeandika chochote. Tuseme angepiga picha tu, akataja bei, akanyamaza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo tuliirithi kwa Mwingereza, inadai ubora hasa kwa anayeuza bidhaa za aina hiyo kama kazi yake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamlenga mwenye biashara. Mtu binafsi aliyefunga mdomo? Hapo mnunuzi ajihadhari. Kwa kifupi, sheria inamsaka mwenye ulimi, inamsamehe mwenye kimya.

Na fundi aliliona shimo hilo kabla yangu. "Piga rangi, weka tangazo, usiseme kitu. Kila gari lina mtu wake." Dada akanigeukia: "Wewe ndiye mwandishi. Niandikie."

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo Cicero nimemsoma kwa simu, ndani ya matatu. Huyu Mrumi aliandika kitabu kuhusu wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, na humo kuna mtu anayeuza nyumba mbovu huku akijua ubovu wake. Anawaleta wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema: hukulazimishwa kununua, na kutokusema si sawa na kuficha. Antipater anajibu kwamba kumwacha mnunuzi aingie hasarani kwa kutojua ni vibaya kuliko kumnyima njia mtu aliyepotea. Cicero anamuunga mkono Antipater na kutuachia kipimo: si kila kimya ni kuficha, ila kimya kinakuwa kuficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo ambalo lingemfaa kulijua.

Si lazima twende Roma. Watu wa Pwani wanaijua habari ya Mtume Muhammad sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta chini kumelowa. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Hakuwa ametamka uongo. Rundo lilikuwa limeutamka kwa niaba yake. Fikihi inampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichika, awe amenunua kwa mfanyabiashara au kwa jirani. Mahakama zetu za Kadhi hazisikilizi kesi za biashara, lakini wazo lenyewe limo midomoni mwetu kila siku. Kwa Kiarabu kasoro hiyo huitwa aib. Sisi tulilichukua neno hilo, tukalifanya aibu. Dosari ya bidhaa ikahamia usoni kwa mwenye kuiuza.

Najua pingamizi. Haya ni maadili ya wenye pesa, utasema. Dada alikopa kwa chama, na hasara lazima imwangukie mtu, sasa mbona imwangukie yeye? Ni swali la haki kabisa. Lakini angalia nani angeipokea: msee mwingine aliyekopa kwa chama kingine. Aliyeitengeneza hasara hangeguswa. Ukiuza kwa kimya hujalipiza kisasi. Umemfanyia tapeli kazi ya uwakala, tena bila komisheni.

Kuna hesabu pia. Dada angeliuza kimyakimya kwa 680,000, angeenda kortini kudai nini? Anayemficha tapeli wake hana hasara ya kuonyesha.

Basi nikaandika: "Giaboksi inasumbua. Liligongwa mbele, likarekebishwa. Maileji ya dashibodi si ya kweli, kadi ya oili ipo, njoo uione." Simu zilikuwa chache, na wengine walipiga kucheka tu. Baada ya mwezi, mwenye gereji mmoja akalichukua kwa 430,000 na bado akaomba apunguziwe. Ile tofauti ya 250,000 ndiyo dada anayoidai sasa. Vielelezo vyake ni picha za WhatsApp, kadi chafu ya oili na tangazo langu.

Kesi bado haijaamuliwa, na kushinda si hakika. Hata akishinda, kumfanya mtu alipe ni safari nyingine. Sitakudanganya kwamba ukweli ulimlipa vizuri.

Wiki iliyopita yule mwenye gereji alimpigia. Dada aliona jina lake kwenye simu, akaishika mlio wa kwanza. Alikuwa anauliza tu kama kuna ufunguo wa ziada.