Dhara Lisiloonekana kwa Macho

Hewa tunayoivuta, sehemu 78 katika kila 100 ni naitrojeni. Lakini mimea haiwezi kuitumia hivyo ilivyo, kwani chembe zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu kubwa. Huachanishwa na radi, na vijidudu vya udongoni, na tangu mwaka 1913 na viwanda pia, kwa njia aliyoivumbua Mjerumani Fritz Haber na kuikuza Carl Bosch. Kwa njia hiyo hupatikana mbolea inayolisha mamilioni ya watu. Na kwa njia hiyo hiyo Wajerumani walipata baruti katika vita vya 1914.

Ama baruti, ubaya wake kila mtu auona. Swali letu ni juu ya mbolea. Ile iliyozidi haja ya mmea hailali bure. Vijidudu huigeuza baadhi yake kuwa gesi ya naitrasi oksaidi, ambayo hukaa angani zaidi ya miaka 100, na kilo moja yake huizidishia dunia joto kama kilo 270 hivi za kaboni dayoksaidi. Ikifika juu sana, sehemu yake hugeuka kitu kinachoila ozoni, lile pazia linalotukinga na miale mikali ya jua. Mholanzi Paul Crutzen alilibainisha jambo hili mwaka 1970, na mwaka 1995 akashiriki Tuzo ya Nobel ya kemia.

Je, mtu huulizwa kwa dhara asiloliona, litakalompata asiyezaliwa bado? Wako wasemao: “Mfuko wangu mmoja ni kitu gani?” Jawabu ni kuwa dhara lote limetokana na mifuko mmoja mmoja. Ikiwa hapana hata mmoja mwenye lawama, basi limetoka wapi?

Lakini tusimlaumu kila mkulima. Mwenye shamba lililochoka na watoto wenye njaa, akatia mbolea kadiri ya haja, ametimiza wajibu. Kumkataza ni kumdhulumu aliye hai kwa ajili ya asiyekuwapo. Lawama ni ya israfu: ni ya ajuaye kipimo akakipita kwa uvivu au tamaa, na ya muuzaji amhimizaye kuzidisha ili auze. Asiyejua, deni lake ni kuuliza. Na ajuaye, deni lake ni kufundisha.

Ewe msomaji, uaminifu hupimwa pale pasipo na shahidi. Kitukuu chako hawezi kuja leo kukushitaki. Basi kuwa wewe shahidi wake: pima kabla hujamwaga.