Maji Meupe Yaliyoua Samaki

Kuna bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Galu aliyetaka mgeni asiyejua kuogelea aione Diani ya chini ya maji akiwa amekaa mapokezi, dafu mkononi. Akaagiza tangi la kioo la lita 800. Wazo halikuwa baya. Pesa alikuwa nazo, bahari iko ng'ambo ya barabara, na vijana wanaozamia kwa nyavu ndogo za mkono samaki wa mapambo wanaosafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani hawakosekani kutoka Diani hadi Shimoni. Kilichomponza ni chujio.

Fundi alimletea mtungi mweusi unaofungwa kwa vibanio, ndani una sponji, pamba na makaa, juu yake pampu yenye nguvu. Ukawashwa. Saa moja haijaisha, maji yakang'aa hivi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililobandikwa upande wa pili wa kioo. Bwana akalipa bila kuomba kupunguziwa. Siku ya tatu akampigia simu mzamiaji wa Msambweni amletee samaki thelathini na vipande kadhaa vya matumbawe. Kijana akakubali samaki, matumbawe akayakataa: kuvunja matumbawe hai ni kosa, na maji ya Diani hadi Chale ni hifadhi tangu 1995.

Samaki walikuja kwa pikipiki ndani ya boksi, kila mmoja na mfuko wake, theluthi moja maji, theluthi mbili oksijeni, mdomo umekazwa kwa mipira.

"Hawa hawajala tangu juzi, mzee," kijana alisema.

"Mbona unawatesa?"

"Akila atakunya. Akinya humu ndani atakufa kabla sijafika Ukunda. Tangi lako lina muda gani na maji?"

"Siku tatu."

"Basi ni mapema, mzee. Nirudi nao."

"Kijana, huyaoni maji yalivyo meupe? Shika hela yako."

Jibu la kijana lilikuwa na somo zima la uchujaji, ila lilitoka kwa mtu aliyekuja na pikipiki, likadharauliwa. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na kinyesi chake na chakula kilichobaki vikioza hutoa nyingine. Amonia haina rangi, na katika maji ya bahari sumu yake ni kali kuliko katika maji baridi, kwa kuwa maji ya chumvi yana ualkali zaidi. Pamba haiishiki. Wanaoiondoa ni bakteria: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huhitaji mahali pa kushika na oksijeni ya kutosha, na kuwakuza katika tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita. Hakuna pampu inayofupisha hesabu hiyo kuwa siku tatu.

Siku chache baadaye samaki wakawa wanakaa juu juu, matamvua yakipiga haraka. Mhudumu wa mapokezi akadhani ni njaa, akawaongezea chakula. Nusu yao walikufa ndani ya maji yaliyokuwa bado yanang'aa.

Fundi aliitwa. Akashauri mtungi wa pili, mkubwa zaidi, na bwana akaununua. Hapa ndipo kosa lilipokomaa, maana mtungi wa aina ile huzuia taka lakini hauitoi majini. Ni kufagia nyumba ukaiacha taka nyuma ya mlango. Kinyesi kimenasa kwenye sponji, hakionekani, lakini maji yanapita juu yake usiku na mchana na kinaendelea kuoza. Kwa tangi la samaki peke yao, na mtu wa kuifua ile sponji kila wiki kwa maji ya tangi lenyewe, mtungi unaweza kutosha; sitauponda. Anayeota matumbawe, ambayo hayataki nitrati wala fosfati kurundikana, aanze na vitu vingine.

Kisha stima ikapotea usiku kucha. Ndani ya mtungi uliofungwa, maji yaliposimama, oksijeni iliisha na bakteria wachache waliokuwa wameanza kushika wakafa. Alfajiri stima iliporudi, pampu ikasukuma uozo wote ule tangini. Aliyebaki hai alikuwa mmoja tu.

Bwana huyu angeendesha gari kidogo kwenda kusini hadi Gazi angeona mpangilio mzuri kuliko wa fundi wake. Maji ya bara hupita kwanza kwenye mikoko, tope linatua. Kisha kwenye nyasi za bahari, zinazokula mbolea iliyomo. Mwamba wa matumbawe unapata yaliyokwisha kutulia. Mikoko ile ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda na nguzo. Leo watu wa Gazi na Makongeni wanailinda na kuuza hewa ya ukaa kupitia Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013.

Tangi la matumbawe linataka hatua hizohizo kwa udogo. Mawe yenye vitundu ndiyo nyumba ya bakteria, na Kwale haina uhaba wa tumbawe la kale la machimboni, lililokufa zamani na ambalo halimpeleki mtu mahakamani. Chini ya tangi, sanduku la wazi lenye mwani na taa yake, mwani ule mbolea badala ya nyasi. Na kabla ya vyote, mashine ya povu: inapuliza viputo vidogo mno ndani ya bomba, uchafu ulioyeyuka unanata kwenye viputo, unapanda na povu na kumwagikia kikombeni. Asubuhi utakuta kikombe kina maji ya kahawia yanayonuka hadi utake kukitupa. Huo uchafu umetoka kabla haujaoza, na ndiyo tofauti yake na mtungi.

Lililobaki ni ndoo ya kubadilishia maji. Mtu wa Nairobi hununua chumvi ya paketi. Wa Galu ana bahari. Abadilishe sehemu ya kumi kila wiki, akiteka maji yakiwa yamejaa, si baada ya mvua za masika wakati mto Mwachema unapoingia baharini ukiwa mwekundu. Ila maji yaliyopungua kwa joto yafidiwe kwa maji baridi safi. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki, na bwana wetu alikuwa akijazia kwa maji ya bahari kila jioni.

Safari ya pili alinunua mashine ya povu na mawe, na kichupa cha kupimia. Wiki ya pili akampigia kijana.

"Amonia inasoma nini, mzee?"

"Kidogo tu."

"Ikisoma sifuri, na nitriti sifuri, nipigie. Hata hivyo kusi imeanza, bahari imechafuka. Siwezi kuzama."