Kikongwe Huyu Ni Nani?



Kwa miaka mingi magazeti na redio zimeleta habari ya namna moja kutoka huku kwetu Usukumani, nayo mara nyingi huandikwa hivi: kikongwe ameuawa kwa imani za kishirikina. Sisi tuliozeekea katika kufundisha Kiswahili tunalo la kusema juu ya sentensi hiyo. Kitenzi chake kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda hayupo. Ni kana kwamba imani zenyewe zilishika panga, zikatembea usiku, zikabisha hodi. Mkata mapanga aliyelipwa hatajwi, aliyemlipa hatajwi, wala lile shamba la urithi ambalo pengine ndilo kiini cha tuhuma. Na yule aliyekufa? Yeye ni umri tu.

Neno kikongwe lingemfaa hata mzee mwanamume, lakini katika habari hizi sote twajua kuwa ni mwanamke. Babu mwenye macho mekundu huitwa mzee. Bibi mwenye macho hayo hayo huitwa mchawi. Wekundu huo umetoka jikoni. Nchi yetu imepungukiwa miti, na akina mama wamepikia mabua na samadi kavu miaka arobaini, hamsini, moshi ukiwaingia machoni. Tumekula chakula, kisha tukamshtaki mpishi kwa moshi.

Basi, mwandishi aliyesema jambo la kweli akaacha nusu yake, amesema kweli? Sisi twaona hakusema, hasa ikiwa nusu aliyoiacha ndiyo yenye mwuaji.

Wako wanaodai kwamba kuhoji jinsi wanawake wanavyosimuliwa ni mambo ya Ulaya. Lakini mwaka 1987 wanahabari wanawake wa nchi hii waliunda chama chao, TAMWA, na gazeti lao wakaliita Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad wa Unguja. Siti alizaliwa Fumba, akauza vyungu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kuimba katika santuri. Wimbo wake mmoja ulisimulia mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Jina la wimbo huo ni Kijiti, nalo ni jina la mwuaji. Siti hakuhitaji chuo cha uandishi kujua aanzie wapi.

Iko hoja moja inayotutatiza. Familia nyingine haitaki jina la marehemu litangazwe, maana binti zake wataolewa na nani, na wajukuu wataitwaje shuleni? Hoja hii ni nzito, wala hatuidharau. Hata hivyo mwandishi aweza kulificha jina na bado akaeleza kwamba marehemu alilima pamba, alizalisha wake za majirani, alilea yatima. Tena, kumsitiri marehemu hakumlazimishi kumsitiri mshtakiwa aliyekwisha kufikishwa mahakamani.

Luka, katika sura ya 24, aeleza wanawake waliotoka kaburini na habari, na mitume wasiwasadiki. Angalau yeye aliandika majina ya baadhi yao.

Hapa Kharumwa redio husikilizwa dukani na machimboni. Habari kama hizo zikisomwa, kwa kawaida wa kwanza kusema huuliza kama marehemu alikuwa na macho mekundu. Bado twamngoja atakayeuliza ni nani aliyetoa fedha.