Jicho la Samaki na Lawama ya Mama

Katika Mkwiro, mashariki ya kisiwa cha Wasini, mtu humjua samaki tangu utotoni. Changu, tafi na pono huingia jikoni kila siku. Lakini ni wachache waliopata kujiuliza jicho la changu latoka wapi. Yai lake ni dogo kuliko punje ya ulezi, tena ni angavu kama kioo, na mwanzoni halina jicho ndani yake. Hata siku moja haijaisha, mwanzo wa macho na masikio umekwisha onekana.

Kazi hiyo huongozwa na maagizo ya urithi yaitwayo jeni. Moja katika hizo, Pax6, huziamuru seli za kichwani zianze kujenga jicho. Imo katika samaki, panya, inzi na mwanadamu. Mwaka 1995, katika mji wa Basel, Uswisi, Walter Gehring na wenzake waliiamsha jeni ya panya katika mguu wa inzi aliyekuwa bado anaumbika. Mguu ukaota jicho, nalo lilikuwa jicho la inzi, si la panya!

Jeni hiyo ikiingia hitilafu ndogo, mtoto wa mtu huweza kuzaliwa bila lile duara la rangi linalozunguka mboni, na nuru yake ikawa hafifu. Hapo ndimi za majirani huanza: mama alimcheka nani, alimkosea nani? Swali hilo ni dhuluma. Hitilafu hiyo mara nyingine hurithiwa, mara nyingine huzuka yenyewe, wala haiulizi tabia ya mtu.

Yuko samaki chini ya ardhi ya Somalia, aliyepewa jina Phreatichthys andruzzii mwaka 1924. Akiwa kiinitete huanza kuumba macho, kisha macho hayo huharibika, naye huishi gizani bila kuyahitaji. Nani atasema samaki huyo ameadhibiwa?

Huenda mtu akadai kwamba kipofu naye, kama samaki huyo, aachwe na giza lake. La. Ulimwengu wa samaki yule ni giza tupu, na viumbe wenzake wamo humo humo. Mtoto wa Mkwiro huzaliwa kati ya watu waonao, katika njia za mawe ya matumbawe zilizofanywa kwa waonao, na vitabu vya waonao. Sehemu kubwa ya upungufu wake haikuandikwa katika jeni. Huongezwa baadaye, asubuhi wenzake wanapokwenda shuleni naye akaachwa barazani.