Jicho la Barabarani: Mlinzi au Mpelelezi?



Kila asafiriye kwa basi kati ya Dumila na Kilosa amepata kuliona jambo hili. Dereva tunayekutana naye huwasha taa mara mbili, na dereva wetu hupunguza mwendo papo hapo. Maana yake, askari yuko mbele. Tukishampita askari, mwendo hurudi ule ule, nasi abiria tumenyamaza. Je, dereva yule alikuwa mwema kwa dakika tano, au aliogopa tu?

Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa kinachopeleka habari za mwendo wake LATRA. Hilo ni jicho la serikali. Lakini huko Leuven, nchini Ubelgiji, tangu mwaka 2019 wakazi wenyewe huweka dirishani kamera ndogo iitwayo Telraam. Huhesabu magari, baiskeli na waendao kwa miguu, na kukadiria mwendo wa magari, wala haihifadhi picha za watu. Hesabu huwekwa wazi kwa wote. Hilo ni jicho la jirani.

Tuseme nasi wa Rudewa tuliweke. Wengine watasema ni fitina: jirani atajua nani alipita usiku na alimpakia nani. Hofu hiyo ina haki, maana kijiji kina macho mengi tayari, na ndimi nyingi zaidi. Basi tupambanue. Jicho linalouliza "Nani?" huzaa masengenyo. Linalouliza "Wangapi, na kwa mwendo gani?" laweza kutupatia tuta mbele ya shule.

Tena tusijidanganye. Hesabu hiyo itawagusa bodaboda, nao ni wana wetu. Tukitaka lori la mgeni lihesabiwe na pikipiki ya mwanetu iachwe, hatukuilinda njia, tumelinda jamaa.

Kaini alikana kuwa mlinzi wa ndugu yake. Sisi tusikane, wala tusiiachie kamera kazi yetu. Kamera huhesabu, haikemei wala haionyi. Safari ijayo, taa zikishawashwa na askari akishapitwa, nani kati yetu atasema, "Dereva, tafadhali, endelea na mwendo huu huu"?