Kizuri Chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu umenisumbua kwa miaka mingi, maana kazi yangu ilikuwa ni kutembeza. Nilitembeza programu za kompyuta za kutunza hesabu, ofisi hadi ofisi, mjini Moshi na vijijini mlimani. Kwanza nikiwa muuzaji wa kawaida, kisha nikiwa msimamizi wa wauzaji wenzangu sita. Kama wahenga hawakukosea, basi watoto wangu wamesomeshwa na kibaya.

Kabla ya kujihukumu, namkumbuka mama yangu. Alishuka kutoka Old Moshi na mkungu wa ndizi kichwani hadi soko la Kiborloni. Kwetu kahawa ilikuwa mali ya baba, na fedha yake ilipitia chama cha ushirika, chini ya KNCU iliyoundwa mwaka 1933. Ndizi zilikuwa za mama, na soko lilikuwa la akina mama. Kwa hiyo mwanamke kuuza si jambo geni Uchaggani. Kilichowashangaza watu ni kuniona nikiuza kitu kisichoshikika, tena nikiwaongoza wanaume. Mara ngapi nimeingia ofisini mwa watu nikaulizwa, "Mama, bosi wako anakuja saa ngapi?"

Ndizi za mama zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa na miguu, ilibidi zitembezwe. Hivyo tatizo haliko katika kutembeza. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa ndizi huiminya, huigeuza, hata huimenya. Programu haiminywi. Mnunuzi huona kile tu ambacho muuzaji anamwonyesha. Isitoshe, kompyuta zilichelewa kwetu: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini, na miaka mingi ilipita kabla hazijazoeleka. Wazee wengi wa kamati niliowauzia hawakuzikuta shuleni. Walininunua mimi kwanza, programu baadaye.

Hapo ndipo linapozaliwa swali langu. Muuzaji anadaiwa nini na mtu asiyeweza kukagua anachonunua? Na anayewaongoza wauzaji, je, anajibu kwa maneno aliyoyasema tu, au pia kwa yale aliyoyafanya yasemwe?

Robo mwaka moja ilikuwa inakwisha na tulikuwa nyuma ya malengo. Binti mmoja katika kikosi changu, mchapakazi, alikuwa amekaribia kuuza kwa chama kidogo cha akiba na mikopo huko mlimani. Kamati iliuliza swali moja la maana: programu hii inakokotoa riba kwa salio linalopungua, kama tunavyofanya sisi kwenye daftari? Wakati huo haikuweza. Mafundi walikuwa wameahidi kuiongezea uwezo huo. Binti akatoka nje, akanipigia simu, akaniuliza ajibu nini. Sikumwambia adanganye. Nilimwambia, "Mdogo wangu, unajua leo ni tarehe ngapi." Akarudi ndani, akawaambia inaweza.

Tukauza. Nikapongezwa mbele ya wenzangu.

Ndugu msomaji, usidhani hili ni jambo la kitaalamu lisilomhusu mtu wa kawaida. Chukua mkopo wa shilingi 600,000 wa kulipwa kwa miezi 12, kwa mafungu sawa ya 50,000, na riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, mkopaji hulipa riba ya 58,500. Ikihesabiwa kila mwezi kwa mkopo wote wa mwanzo, hulipa 108,000. Tofauti ni shilingi 49,500. Kwa anayeuza maziwa, hiyo si tofauti ndogo.

Katika mkutano mkuu uliofuata, orodha ya wadaiwa iliyotoka kwenye kompyuta ilisomwa hadharani. Ndani yake lilikuwamo jina la bibi mmoja aliyekwisha maliza mkopo wake. Alisimama akasema hadaiwi. Akajibiwa, "Bibi, kompyuta haikosei." Akaondoka mkutanoni huku majirani wakimtazama. Kesho yake alirudi na daftari la shule la mjukuu wake, stakabadhi zote zimebanwa ndani. Daftari hilo ndilo lililomwokoa, lakini baada ya wiki kadhaa za kuitwa mdaiwa.

Kampuni ikatafuta mkosaji. Binti akafukuzwa kazi kwa kutoa ahadi ya uongo. Niliulizwa kama nilimwagiza. Nikasema sikumwagiza. Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Mwaka uliofuata nikapandishwa cheo.

Nilijitetea moyoni kwa namna nyingi. Nilisema: nikifichua kasoro zetu, mshindani anayeficha zake atauza, na wauzaji sita watakosa mkate. Hoja hii si ya kubeza. Njaa ya wenzako ni mzigo halisi wa kiongozi. Nilisema tena: mimi ni mwanamke, nikianguka watasema wanawake hawawezi, na mlango utafungwa kwa wanaokuja nyuma. Hoja hii ilinifariji muda mrefu kuliko zote. Ilinichukua miaka kuona kwamba niliyemwacha aanguke alikuwa mwanamke, na ndiye hasa aliyekuwa akija nyuma yangu.

Habari ya Uingereza ndiyo iliyoniondolea faraja hiyo. Shirika la posta la huko lilitumia programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Programu ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo. Mahakama ilikiri kasoro za programu hiyo mwaka 2019, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Niliposoma, nilimwona bibi wa mlimani. Yeye alikuwa na daftari. Wale hawakuwa nalo. Nilijiuliza ni watu wangapi pale waliosema kweli neno kwa neno, huku wakijua.

Nimefikia hapa: kiongozi husema zaidi kwa malengo anayoyaweka kuliko kwa mdomo wake. Aliyeweka lengo lisilofikika bila uongo, kisha akajiepusha na neno la uongo, ameusema uongo huo kwa kinywa cha mdogo wake. Na kunyamaza mbele ya asiyejua la kuuliza si busara ya biashara. Ni kumwibia mtu aliyefumba macho kwa kukuamini.

Binti yule sasa ana duka dogo la vifaa vya shule hapa Soweto, si mbali na ninapoishi. Kwa miaka kadhaa nilipita njia nyingine. Siku moja niliingia, nikamweleza yote, nikamwambia nimewaandikia wakubwa wetu wa zamani nilichomwambia kwenye simu. Alisikiliza huku akimhudumia mtoto aliyekuja kununua kalamu. Kisha akasema, "Dada, barua hiyo ingekuja wakati ule." Sikuwa na jibu, na bado sina.

Kabla sijastaafu niliweka desturi moja: muuzaji wetu aanze kwa kumweleza mteja mambo matatu ambayo programu haifanyi. Wateja wengine tuliwapoteza. Mama yangu naye aliwapoteza baadhi, kwa kuwaambia, "Hizi zimekaa siku mbili, zipike leo." Lakini soko lilipofika tena, alishuka na mkungu mwingine kwa njia ile ile, na hakuna aliyemkwepa macho.